Nikifa Humu Ndani, Mtajua Lini?



Wiki iliyopita, saa nane na dakika ishirini za usiku, uliingia ujumbe kwenye simu yangu. Ulitoka kwa kijana mmoja wa hapa hapa Kalangalala, ambaye sitamtaja. Amepanga chumba kimoja, hana ndugu hata mmoja hapa Geita. Mchana yuko kwenye karasha anasaga mawe ya watu, jioni anarudi anafunga mlango. Mara moja moja namwona kanisani, misa ya pili, benchi la nyuma kabisa. Aliandika hivi tu: "Kaka, hivi nikifa humu ndani, mtajua baada ya siku ngapi?"

Nikamjibu papo hapo. Tiki moja. Nikapiga, simu haipatikani. Nikabaki nimekaa kitandani na simu mkononi, usingizi umekatika.

Nilichofanya baada ya hapo nitakisema. Kwanza niwaeleze kwa nini swali lile halikuwa geni kwangu, maana nilishawahi kulijibu, na jibu langu lilikuwa baya.

Tuko Novemba, mwezi wa marehemu. Tarehe 2 tulienda makaburini, tukafyeka majani, Padre akanyunyiza maji ya baraka. Bahasha za nia za misa zimejaa majina ya babu, bibi, shangazi, mtoto aliyefariki akiwa mchanga. Ni jambo zuri sana. Lakini kila mwaka, jina la marehemu linaposomwa pale mbele, najikuta nikijiuliza kuhusu wale ambao hakuna aliyewaandika. Mji kama wetu umejaa watu waliokuja na begi moja. Mtu anatoka Kigoma, Mara, Tabora, anafuata dhahabu, anaingia kwenye duara, analala geto. Akipata, anahamia kwenye rashi nyingine. Akikosa, pia anahama. Kwa hiyo asipoonekana, kila mtu anasema, "Atakuwa amehama." Neno hilo mtalisikia tena hapa chini.

Mimi hupiga gitaa kwenye kwaya ya vijana. Nilijifunza kwa video za simu, na video hizo ndizo zilizonipeleka kwenye muziki wa roki, jambo ambalo mwalimu wangu wa kwaya mpaka leo hapendi kulisikia. Huko ndiko nilikokutana na habari za Layne Staley. Najua wengi wenu hamumjui, ninyi ni watu wa Bongo Fleva na singeli. Alikuwa mwimbaji wa Alice in Chains, bendi ya mji wa Seattle, Marekani. Mwaka 1994 kazi yao inayoitwa Jar of Flies ilipotoka tu, ilikwenda moja kwa moja namba moja kwenye chati ya albamu za Marekani. Yaani huyu hakuwa msanii wa mtaani. Mamilioni walimjua sauti.

Heroini ikamshika. Mwaka 1996 msichana aliyewahi kuwa mchumba wake akafariki, na tangu hapo Layne akazidi kujifungia. Hakupanda tena jukwaani na bendi yake baada ya mwaka huo. Tarehe 19 Aprili 2002 polisi waliingia nyumbani kwake wakamkuta amefariki. Alikuwa na miaka 34. Ilikadiriwa kwamba alikufa tarehe 5, yaani wiki mbili nzima kabla ya kukutwa.

Sasa sikilizeni aliyegundua. Si shabiki, wala si jirani. Wahasibu wake waliona kwamba kwa wiki mbili hakuna fedha iliyotolewa kwenye akaunti yake. Wakampigia aliyekuwa meneja wake, meneja akampigia mama yake, mama ndiye akaita polisi.

Mimi kazi yangu ni wakala wa fedha za simu, nina kibanda karibu na stendi. Habari hii iliponifikia mara ya kwanza nilicheka kidogo, kicheko kile cha mtu anayeogopa. Kwa sababu ni kweli. Mteja wangu asipokuja siku tatu, ninachokiona kwanza ni kamisheni kupungua. Sura yake inakuja baadaye.

Kuna jambo jingine kwenye kisa hicho linaloniuma zaidi. Mike Starr, mwenzake wa zamani kwenye bendi, alieleza miaka ya baadaye kwenye televisheni kwamba alikuwa na Layne siku moja kabla. Aliona hali yake ni mbaya, akataka kuita msaada, Layne akakataa, wakagombana, Mike akaondoka kwa hasira. Basi. Aliubeba mlango ule alioufunga mpaka naye akafariki mwaka 2011. Sisemi alikuwa na kosa gani, mimi si hakimu wake, na hukumu ya Layne vilevile iko kwa Mungu anayejua ugonjwa na anayejua dhambi. Nasema tu kwamba namwelewa Mike Starr kuliko ninavyopenda kumwelewa.

Na yupo wa kwetu. Farrokh Bulsara alizaliwa Mji Mkongwe, Unguja, tarehe 5 Septemba 1946, katika familia ya Kiparsi. Baada ya Mapinduzi ya 1964 familia ilihamia Uingereza, na dunia ikaja kumjua kwa jina la Freddie Mercury wa Queen. Tarehe 13 Julai 1985 aliimba katika uwanja wa Wembley mbele ya watu kama 72,000, na wote walipiga makofi kwa pamoja kila alipotaka wapige. Video ile nimeitazama sijui mara ngapi.

Miaka sita baadaye alikuwa kitandani nyumbani kwake Kensington, London. Nje ya lango waandishi wa habari walikuwa wanasubiri. Tarehe 23 Novemba 1991 alitoa taarifa kwamba ana UKIMWI, na jioni ya siku iliyofuata akafariki, akiwa na miaka 45. Tarehe 24 mwezi huu ndiyo kumbukumbu yake. Mazishi yake yaliongozwa na makuhani wa dini ya Kizoroasta, dini ya wazazi wake, na maisha yake sikuyaleta hapa tuyaige wala tuyapige mawe. Nataka muone kile chumba tu. Kati ya watu 72,000 wa Wembley, aliyebaki pale ni nani? Ni marafiki wachache, wa kuhesabu kwa vidole, waliomuuguza kwa miezi. Saa ile mtu hahitaji uwanja. Anahitaji mtu wa kumgeuza upande wa pili na kumlowesha midomo.

Layne na Freddie wote walijulikana na mamilioni. Mmoja alikuwa na mtu chumbani, mwingine hakuwa naye. Kwa hiyo kijana mwenzangu, unayedhani kwamba ukipata wafuasi laki moja hofu hii itakutoka, tafakari kidogo hapo.

Sasa nikae kwenye lile langu.

Miaka mitatu iliyopita mimi nilikuwa katibu wa jumuiya yetu ndogo ndogo, na bado ni katibu, ingawa nilitaka kujiuzulu. Kazi ya katibu mnaijua: kusoma muhtasari, kuandika michango, kuita mahudhurio. Jumamosi saa moja asubuhi tunasali nyumba ya mtu, kila wiki nyumba tofauti. Mwezi wa Juni alikuja kijana mmoja mchimbaji, mpole, anakaa karibu na mlango, na tukimaliza ndiye anabeba mabenchi kuyarudisha. Watu wakawa wanamwita kwa jina la wilaya aliyotoka, kama tunavyoitana huku migodini. Mimi nikaandika hivyo hivyo kwenye daftari. Jina la wilaya. Sikumuuliza jina lake.

Akaja Jumamosi kumi hivi. Kisha siku moja hakuja, nikaandika H, yaani hayupo. Wiki ya pili nikaandika H. Mama mmoja akauliza, "Yule kijana yuko wapi?" Nikajibu mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, "Atakuwa amehama, rashi imetoka huko porini." Wiki ya tatu nikaandika H.

Jumatatu yake, mtu anayekusanya kodi alikwenda chumbani kwake kwa sababu mwezi ulikuwa umeisha. Aligonga, akasikia harufu. Akaitwa mwenyekiti wa mtaa, wakaitwa polisi, mlango ukavunjwa. Ilikuwa malaria, ile inayopanda kichwani. Hospitali walisema amefariki yapata siku mbili.

Hesabuni. Jumatatu ukirudisha siku mbili ni Jumamosi.

Jumamosi ile jumuiya ilisali nyumba ya nne kutoka kwake. Nyumba ya nne tu, ukuta kwa ukuta na uchochoro mmoja katikati. Tuliimba nyimbo tatu, na ninyi mnajua jumuiya zetu zinavyoimba, mtaa mzima unaamka. Mimi nilikuwa na gitaa. Kama bado alikuwa hai, alitusikia. Tulisoma somo, tukashirikishana, mimi nikashirikisha kwa ufasaha kabisa kuhusu upendo kwa jirani, nikafungua daftari nikaandika H.

Fundi seremala alipokuja kuuliza aandike nani kwenye msalaba, tulitazamana. Daftari langu lilikuwa na jina la wilaya. Tulisubiri mpaka mama yake alipofika kwa basi siku ya pili, amechoka, khanga imejaa vumbi. Yeye ndiye aliyetutajia jina la ubatizo la mwanawe. Halafu akauliza swali ambalo kila mama angeuliza: "Alikuwa na nani?"

Kimya. Mimi niliangalia chini. Wapo waliotaka kusema maneno ya kufariji, kwamba alikuwa na malaika, kwamba alikuwa na Yesu. Mwenyekiti wetu wa jumuiya ni mama mtu mzima wa Kisukuma, hana maneno mengi. Alimshika mkono akamwambia, "Hakuwa na mtu, mwenzangu. Tulikuwa karibu, ila hatukwenda."

Yule mama alilia sana. Baadaye, ilishakuwa usiku, akasema, "Basi kaeni naye sasa." Tukakesha. Hakuna aliyerudi nyumbani, hata wale ambao kwa kawaida saa nne wanaaga.

Wiki iliyofuata nilikwenda kuungama. Padre alinisikiliza mpaka mwisho. Nilitegemea aniambie kwamba si kosa langu, na kwa kweli nilikuwa nimeyaandaa maneno yangu ili aniambie hivyo. Hakusema. Alinikumbusha kwamba kila mwanzo wa misa tunaungama makosa ya mawazo, maneno na matendo, na pia yale ambayo tulipaswa kutenda hatukutenda, na kwamba hilo la mwisho huwa tunalitamka haraka haraka. Akanipa ondoleo. Kisha malipizi: niisome Injili ya Luka sura ya 16, habari za tajiri na Lazaro, kila siku kwa mwezi mmoja.

Siku za kwanza niliisoma kama adhabu. Siku kama ya tisa hivi nikaanza kuona vitu. Tajiri yule hakumpiga Lazaro. Hakumfukuza mlangoni. Hakumwibia. Injili haitaji kosa lolote alilomtendea. Alipita tu, siku zote, na waliogundua vidonda vya maskini yule walikuwa mbwa. Kitu cha pili, maskini ana jina na tajiri hana. Tumezoea kinyume chake: anayejulikana ni mwenye mali, fukara ni "yule jamaa". Yesu kaligeuza. Na kitu cha tatu, hiki ndicho kilichonikosesha raha: tajiri alipokuwa kwenye mateso, akamwona Lazaro kwa mbali, alimtaja kwa jina. Ina maana muda wote ule alikuwa analijua! Mimi nilikuwa na hali mbaya kuliko yeye, mimi jina hata sikuuliza.

Lakini hapo hapo kuna neno kwa ajili ya yule mchimbaji wetu, na kwa ajili ya yule aliyeniandikia saa nane usiku. Lazaro alikufa, na hatusomi kwamba alizikwa. Hakuna matanga, hakuna aliyelia. Tunachosoma ni kwamba malaika walimchukua wakampeleka kifuani kwa Ibrahimu. Kwa watu, kifo chake kilipita bila kuonekana. Upande wa pili kilikuwa na wasindikizaji. Na Yesu anasema katika Mathayo sura ya 10 kwamba hata shomoro, ndege wa bei ya chini kabisa sokoni, haanguki bila Baba kujua. Nitakuwa mkweli kwenu, mstari huo uliwahi kunikasirisha. Nilisema, sasa Bwana, ukijua halafu shomoro bado anaanguka, inasaidia nini? Sikupewa jibu la kunyamazisha swali hilo. Nilichopewa ni kutazama Mwana wake mwenyewe naye akianguka.

Nendeni Mathayo sura ya 26, pale bustanini. Usiku ule Yesu alijua kinachokuja. Aliwachukua watatu kati ya rafiki zake, akakiri mbele yao kwamba huzuni imemzidi, akawaomba wakae macho pamoja naye. Mungu anaomba kampani! Nasema hivi kwa heshima yote. Hakuwaomba wapigane, wala wahubiri. Alitaka wawe macho, karibu. Wakalala. Akarudi akawaamsha, wakalala tena, na mara ya tatu vilevile. Ukihesabu, hata wao wana H tatu.

Kwa hiyo kijana unayeogopa kufa peke yako bila kuonekana, usidhani hofu hiyo ni upungufu wa imani. Wapo wahubiri wanaosema Mkristo wa kweli haogopi kufa, na kuogopa ni ya pepo. Mimi sikubaliani nao. Hofu hiyo Yesu aliionja akiwa mzima, kwenye giza, na marafiki wanakoroma hatua chache kutoka kwake. Kama yule kaka alikuwa macho kwenye godoro lake Jumamosi ile, anasikia gitaa langu nyumba ya nne, basi alikuwa mahali ambapo Yesu amewahi kuwa. Hilo ndilo ninaloweza kusema bila kudanganya. Halifuti H yangu.

Kanisa linaijua saa ile. Ukisali rozari moja, mafungu matano, unasema Salamu Maria mara 53, na kila mara unamwomba Mama kwa ajili ya nyakati mbili tu: sasa, na saa ya kufa. Tunamwomba Mtakatifu Yosefu kama msimamizi wa kufa vema, kwa sababu mapokeo yanatuambia alifariki akiwa na Yesu na Maria pembeni. Tuna Mpako wa Wagonjwa, na hapa niseme kitu wazi kabisa: acheni ile tabia ya kuogopa kumwita Padre eti akija mgonjwa atakata tamaa. Sakramenti hii ni ya mgonjwa, siyo ya maiti. Mwenzenu ana homa kali siku ya tatu, mpelekeni hospitali na mpigieni Padre, vyote viwili. Padre hawezi kwenda kwa mtu ambaye hata hajui kama yupo. Anategemea jumuiya, jumuiya inamtegemea katibu, na katibu wakati mwingine ni mtu kama mimi.

Nimalizie na jambo la huku kwetu, maana wengine mtakuwa mnasema habari zangu ni za misiba tu. Tarehe 5 Oktoba 2015 mgodi wa wachimbaji wadogo wa Nyangalata, wilayani Kahama, uliporomoka. Watu sita wakafunikwa. Mmoja alifia humo ndani. Watano walikaa chini ya ardhi siku 41, wakila mizizi, mende na vyura, wakinywa maji machafu yaliyodondoka kwenye mwamba. Huko juu maisha yaliendelea, nchi ilifanya Uchaguzi Mkuu na Rais mpya akaapishwa, wao wakiwa bado kwenye giza. Tarehe 15 Novemba walitolewa wakiwa hai, kwa sababu wachimbaji wenzao walisikia sauti kutoka chini. Huwa nawafikiria sana hao waliosikia. Ukiwa mgodini kelele ni nyingi, kuna mashine, kuna nyundo, kuna redio. Kirahisi kabisa mtu angesema ni upepo. Angesema wale walishakufa, siku 41 jamani! Lakini yupo aliyenyamaza, akatega sikio.

Sasa, yule wa saa nane usiku.

Sikulala. Saa kumi na moja na nusu, bado giza, nilichukua bodaboda. Geto lake nililijua kwa kukisia tu, niliwahi kumwona akiingia uchochoro fulani nyuma ya mashine ya kusaga. Niligonga milango mitatu isiyo yake, mmoja nikatukanwa vizuri. Mlango wa nne niligonga, kimya. Nikagonga tena. Kimya. Nisiwafiche, miguu iliisha nguvu. Nikawa nagonga na kuita "kaka, kaka," kwa sababu jina, vijana wenzangu, nilikuwa silijui. Miaka mitatu baada ya yote niliyowasimulia, na bado nilikuwa silijui. Kwenye simu nimemwandika "Karasha Misa ya Pili".

Komeo likalia. Akafungua, macho mekundu, shuka begani. Akaniangalia kama anaangalia askari.

"Kaka, kuna nini?"

"Simu yako haipatikani."

"Umeme ulikatika, imezima chaji." Akasita. "Umekuja kwa sababu ya ile meseji?"

Nikamwambia ndiyo. Akakaa kwenye kizingiti, akajifunika uso kwa shuka, mabega yakaanza kutikisika, nami nikakaa pembeni yake chini, sikusema kitu. Nilikuwa na ushauri mwingi niliouandaa njiani juu ya bodaboda. Wote ulipotea, na nadhani ni afadhali. Jua lilipotoka mama muuza maandazi akapita, nikanunua manne, yeye akachemsha chai kwenye jiko la mkaa. Akaanza kuongea. Yaliyobaki ni yake.

Kabla sijaondoka nikatoa daftari la jumuiya kwenye begi. Siku hizi nimeongeza safu mbili, simu ya nyumbani na chumba unachokaa, na mtu akikosa mara moja tu tunakwenda wawili kumgongea. Wengine wanalalamika kwamba tumekuwa kama mgambo. Nikampa kalamu. Akaandika polepole, kwa herufi kubwa, majina yote matatu, kisha namba ya mama yake. Akaisoma upya tarakimu kwa tarakimu, akirekebisha ile ya mwisho ambayo ilikuwa haisomeki vizuri.